Sajini na Ndizi za Yaya Deo

Wewe unayesoma haya huku mkono umenyooka kwenye kiti cha mashine, tazama kwanza miguu yako. Kama soksi imeacha alama ya pete juu ya kifundo, jana ulikunywa maji kupita uliyoruhusiwa, na muuguzi wa mizani atajua hata ukikana. Mimi nilishawahi kuwadanganya watu wenye bunduki, wakaniamini. Yule wa mizani hakuniamini hata siku moja.

Naitwa Mapendo. Kanisani Louisville, huku Amerika, waliniita Mama Sajini, kwa sababu kwetu Kongo nilikuwa jeshini, na kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe nilipewa nishani ya ushujaa. Shule niliishia darasa la nne, donc usitafute hapa maneno ya daktari. Figo zangu zilikufa, nikaishi kwa mashine ya kusafisha damu, sasa ninaishi kwa figo ya mdogo wangu. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa mgonjwa sikupata wa kuniambia haya kwa lugha yangu. Tena nitataja watu. Walionikosea hawakunong'ona, mbona mimi ninong'one?

Nianze na Rick, msimamizi wetu kule Okolona, kwenye ghala la viatu. Rick alikuwa anatusubiri mlangoni mwa choo. Ukitoka anatazama saa yake, anatikisa kichwa kama baba uliyemwangusha. Basi nikajizoeza kutokunywa maji, ili nisiende. Kiangazi chote ndani ya lile bati, jasho linatiririka, na mimi kinywa kikavu. Mgongo ukiuma namwendea jirani yangu Mama Sifa, ambaye alikuwa na vidonge vya maumivu kwenye mkoba kama wengine wanavyobeba karanga. Nilivitafuna asubuhi na jioni. Mama Sifa alikuwa na huruma, sikatai. Huruma yake na saa ya Rick vilikutana ndani ya figo zangu.

Halafu uso ukavimba. Mtoto wangu Ajabu akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ninaonekana kama mtu mwingine. Pete ya ndoa ikakatwa kwa mkasi wa chuma pale hospitali, na mume wangu Jérémie akaokota vipande viwili, akavitia mfuko wa shati, akasema, "Bon, ndoa iko palepale."

Mashine inachosha mwili wote. Wanakuunganishia mishipa mkononi, na pale chini ya ngozi panavuma mchana na usiku, kama nyuki amefungiwa ndani ya kibuyu. Mwanzoni sikuweza kulalia mkono ule. Baadaye nilikuwa naamka na kuutega sikio, nikisikia unavuma najua bado nipo. Kinywa kina ladha ya sarafu. Ngozi inawasha mpaka unajikuna kwa kisu cha mezani. Baridi ya kile chumba inaingia kwenye mifupa, beba blanketi lako, lao ni jepesi kama pazia. Na mkojo unakoma. Hili hakuna aliyeniambia. Siku moja unagundua kwamba choo hakikuiti tena, na unaona aibu kulilia kitu kama kile.

Lakini kulikuwa na mema. Jérémie alikuwa anagandisha maji kwenye vile visanduku vya barafu, anatia tone la ndimu, ananipa kipande kimoja ninyonye polepole kama pipi ya mtoto. Kwenye chumba cha kusubiri anakaa na koti langu magotini, hata akienda chooni anakwenda nalo. Na kwenye kiti cha pembeni yangu alikuwa mzee Earl, mzungu wa Kentucky aliyepigana vita vya kwao vya zamani. Aliposikia nimekuwa sajini, alinyanyua ule mkono wenye sindano akanipigia saluti, mashine ikaanza kulia, wauguzi wakaja mbio wakamgombeza. Tangu siku ile kila nikiingia, saluti. Majani yalipoanza kudondoka kiti chake kikawa na mtu mwingine. Sikuuliza. Kwenye kile chumba hatuulizi.

Ni mzee Earl peke yake aliyewahi kuniuliza nishani ile nilipewa kwa nini. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha ghalani, wacha nikuambie wewe vizuri zaidi.

Niliingia jeshini nikiwa msichana, baada ya kijiji chetu kuchomwa, kwa sababu wenye bunduki walikuwa wanakula. Siku ya daraja tulikuwa tunarudi nyuma, na kamanda alishavuka mbele yetu na redio yake. Majeruhi wetu walibaki ng'ambo, walikuwa wanaita mama zao. Mimi nilikuwa na bunduki nzito. Niliilaza pale kwenye nguzo, nikapiga mpaka wale wa upande wa pili wakalala chini, na wengine hawakuamka. Halafu nikavuka, nikambeba mmoja mgongoni kama unavyobeba mtoto, nikarudi. Nikavuka tena. Kanali akanibandikia nishani kwenye uwanja wa mpira, sindano ikapita shati ikanichoma titi, na akakosea jina langu. Mishahara yetu alikuwa anaila yeye. Huyu simtaji, watoto wake walicheza na wangu kambi ya jeshi. Mume wangu alipolazimika kukimbilia Uganda, nilivua magwanda nikamfuata kambi ya wakimbizi, na kutoka huko tukaletwa Amerika, nishani iko ndani ya kopo la sukari.

Bon. Daktari wa Louisville alisema: mashine ni daraja, huwezi kujenga nyumba juu yake. Tafuta ndugu. Kaka yangu mkubwa, Yaya Deo wa Columbus (kwetu mkubwa wako, kaka au dada, unamwita yaya), ana sukari, hawezi kutoa. Alibaki Zawadi, mdogo wetu, anayeishi Buffalo na kufanya kazi kiwandani Tonawanda. Nilimpigia. Hakuacha nimalize.

"Yaya, unataka ya kuume ao ya kushoto?"

"Watachagua wao."

"Wachague ile nzuri. Lakini ukisha pata figo yangu, utaacha kuniamrisha?"

"Hapana."

"Nilijua. Nitakupa vile vile."

Wiki ile nililala kama mtu mwenye afya. Halafu simu yake ikanyamaza. Nikipiga, anasema yuko kazini. Nikiandika, anatuma ua. Jérémie ndiye aliyeng'amua: Yaya Deo ameweka neno. Baba yetu alikufa kambini, kwa hiyo mkubwa ni Deo, na kwetu mkubwa akisema hapana, mdogo hawezi kuamka tu akasema ndiyo.

Sababu yake alinieleza mwenyewe kwa simu. Alikuwa na mchungaji wake, anaitwa Elisha, ambaye alipata ufunuo kwamba ugonjwa wangu si wa hospitali. Ni damu ya wale wa darajani. Imenifuata mpaka Amerika, imekaa kwenye figo, na Zawadi akinipa yake itaingia na kwake pia.

"Ulipewa ile medali kwa kuua watu, Mapendo," Yaya Deo akaniambia. "Miye siko nakuhukumu. Lakini siwezi kuzika wadada wawili."

"Weye ulikuwa wapi siku ile?"

"Nilikuwa nakimbia na mama mgongoni. Usinifanye mwoga."

Hilo lilikuwa kweli. Alimbeba mama yetu siku mbili porini. Ndiyo maana siwezi kumchukia vizuri, hata nikijaribu.

Akasema: njoo Columbus, uombewe, usafishwe, tule pamoja, halafu nitamwachilia Zawadi. Kwa hiyo majira ya maua yalipoanza, Jérémie alinipakia kwenye gari, tukaenda. Kliniki ya Louisville ilinitafutia kiti kwenye kliniki ya huko, ili nisikose mashine. Uko na sikio? Nisikilize hapa. Usikose mashine. Hata akija malaika kukuombea, mwambie asubiri utoke kwenye kiti.

Mimi nilikosa. Siku yangu ya mashine ilianguka katikati ya maombi, na Mchungaji Elisha akasema nikiondoka nitavunja maombi kabla kifungo hakijakatika. Nyumba ya Yaya Deo iko Linden, mtaa wa huko Columbus, ya kupanga, ndogo, na sebuleni tulikuwa wengi tumejaa mpaka ngazini. Wanaimba, wanalia, wananiwekea mikono juu ya kichwa, na kichwa chenyewe kimeshakuwa kizito. Mwisho Mchungaji akadai nishani. Jérémie akaenda kwenye gari, akarudi na kitu kimefungwa ndani ya leso. Tukaenda wote mtoni, Elisha akakemea, akakirusha katikati ya maji, wamama wakapiga vigelegele.

Njiani kurudi Jérémie aliniminya mkono. "Usijali," akasema polepole. "Ni kifungua chupa."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wakasema roho chafu inatoka.

Sasa chakula. Kwetu Kivu, msomaji wa mbali nikuelezee, tunaogopa sumu kuliko tunavyoogopa simba. Ndiyo maana mwenye kukupa chakula anaonja kwanza mbele yako. Akishaonja, hakuna tena mjadala. Ukikataa, umesema mbele ya watu kwamba huyu ni muuaji. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo, afadhali umpige kofi.

Yaya Deo alipika mwenyewe. Mwanamume yule hapiki hata yai, lakini siku ile alifunga kanga ya mke wake kiunoni akaingia jikoni. Alinipikia vya mama yetu: ndizi za kupika ndani ya maharage, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, viazi vitamu, na parachichi pembeni. Akaleta sahani mpaka mbele yangu. Akachota kijiko, akaonja ndizi. Akaonja sombe. Akapiga goti, mkubwa anampigia goti mdogo, akasema, "Kula, mwana wa mama. Tumalize."

Nilikuwa nimeshafundishwa. Karatasi ya Louisville ilikuwa na picha za vyakula vilivyopigwa mstari mwekundu, na ndizi ilikuwa ya kwanza. Nilijua. Jérémie alijua, nikaona anainuka kidogo kwenye kiti. Lakini ningesemaje? Sebule nzima inatazama mdomo wangu. Nikisema hapana, nimemwita kaka yangu mlisha sumu nyumbani kwake, na figo ya Zawadi imekwenda na maji. Na nikuambie na hili: ilikuwa tamu. Tangu ugonjwa nilikuwa nakula wali mweupe kama gundi. Nilikula nikamaliza. Nikaongezwa.

Asubuhi miguu haikuwa yangu. Nilitaka kuinuka, ikakataa, kama imechimbiwa ardhini. Kifuani moyo ulikuwa unapiga mara moja, unasahau, unapiga tena. Nilimtafuta Jérémie kwa macho. Alinibeba mgongoni mpaka nje. Nilimwambia sikioni kwamba anabeba vibaya, jeshini wangemfukuza.

Hospitali wakanipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Nilipofungua macho sawasawa, aliyenisimamia alikuwa muuguzi Mkenya, anaitwa Wanjiru, binti mdogo mwenye mdomo mkali.

"Mama, seriously, nani alikupatia ndizi?"

"Kaka yangu."

"Na maharagwe? Na avocado? Na ukaruka dialysis? Mama, heart yako ilikuwa inasimama. Hiyo potasiamu haitoki bila figo ama mashine, inakaa tu kwa damu ikingoja moyo. Si hata ungemwambia tu hapana?"

Nikajaribu kumweleza. Akanisikiliza mkono kiunoni. Mwishoni akasema, "Aki, nyinyi watu," lakini alinivutia blanketi mpaka kidevuni.

Huko Linden habari ilishafika kabla sijazinduka. Mtu amekula kwa Deo jioni, asubuhi anakufa. Unafikiri walisema nini? Wale wale waliopiga vigelegele mtoni. Kwamba Deo amemlisha dada yake sumu. Kwamba kidole chake kilikuwa na kitu, alionja upande wa salama. Mchungaji Elisha hakumtetea hata kwa neno moja. Alisema tu anaendelea kuomba Mungu afunue. Yaya Deo alikaa kwenye korido ya wodi na ile kanga bado begani, watu wa kanisa lake wanampita kumsalimu Jérémie, yeye hawamtazami.

Nitasema ukweli: nilipoambiwa, nilifurahi. Nilikaa na utamu huo siku nzima. Aliyeniita mwenye damu ya watu sasa anaitwa muuaji yeye. Nilikuwa nimelala pale na waya kifuani, na ningeweza kunyamaza tu. Kunyamaza peke yake kungetosha kummaliza.

Zawadi alikuja kwa basi kutoka Buffalo. Aliingia na buti za kiwandani, hakunisalimu, akauliza, "Yuko wapi nimung'oe macho?"

"Yuko nje. Umempita."

"Yule mzee? Nilizani ni mtu wa kufagia."

Akatoka. Nikasubiri kelele. Sikusikia kitu. Nilipogeuza shingo, kupitia mlango niliwaona: Zawadi amekaa sakafuni, Yaya Deo ameweka kichwa begani mwake, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Utamu wangu uliisha pale pale.

Nikaomba simu. Nikarekodi sauti, nikatuma kwenye kundi la familia na kwa kila mtu wa Linden niliyekuwa na namba yake. Sauti ilikuwa kama ya chura, lakini niliitoa ya kijeshi. Nilisema: "Ni Sajini. Niko mzima. Yaya Deo hakuniwekea sumu. Nilikatazwa ndizi, nikala kwa kuogopa kumwaibisha. Aliyeniambia nikose mashine ni Mchungaji Elisha, na hajafika hapa hata kunitazama. Mwenye neno, aje aniambie kitandani."

Hakuna aliyekuja. Yaya Deo aliingia, akasimama mbali na kitanda.

"Ungelisema tu," akaniambia.

"Ulikuwa umepiga goti, Yaya. Ningelisemaje?"

Akakaa. Akauliza kile ambacho hakuwahi kuuliza tangu vita: siku ya daraja ilikuwaje. Nilimweleza yote, waliolala na niliowabeba. Sikujisafisha. Nilipomaliza, Zawadi akasema, "Damu iko damu. Hii mashine inamusafisha damu kila wiki, haijapata mtu ndani." Yaya Deo alicheka huku anafuta pua. Kisha akamgeukia: "Mudogo, miye nilikosea. Nimekuachilia, mupe figo."

"Nani alikuomba ruhusa?" Zawadi akamwambia. Lakini nilimjua. Alikuwa ameisubiri.

Tulihamia Buffalo, tukakaa kwenye nyumba ya Zawadi, vyumba viwili, sisi na watoto na theluji mpaka dirishani. Vipimo vilikula vuli nzima. Hospitali walimweka Zawadi peke yake chumbani, bila mimi, bila mkalimani wa familia, wakamuuliza kama kuna mtu anamlazimisha. Alitoka akicheka. "Nimewaambia uko naniamrisha toka nizaliwe, lakini hii ni yangu."

Kabla ya kupelekwa kupasuliwa, tukiwa kwenye vitanda vya magurudumu, nilimtaka Jérémie atoe nishani kwenye mfuko. Nilitaka kumbandikia. Zawadi akaitazama.

"Ondoa hiyo kitu, Yaya. Itanitoboa."

Basi ikarudi kwenye kopo la sukari, ndiko iliko mpaka leo.

Sitakueleza upasuaji, sikuwepo. Nakueleza nilivyoamka: kidonda kinawaka, koo limekauka, na mfuko ule wa plastiki pembeni ya kitanda unajaa. Mkojo wangu. Wa manjano, wa kweli. Nilimwita Jérémie aje auone. Akamwita Ajabu. Ajabu akasema, "Mom, please," akaziba macho, lakini nilimwona anachungulia kati ya vidole. Wodini kwake Zawadi alipelekewa habari, akajibu kwa simu: "Iko yangu hiyo, musiimwage hovyo."

Ule mvumo wa mkono umebaki. Uso umekuwa wa mviringo kwa dawa, nywele zinadondoka, mikono inatetemeka nikishika kikombe. Zawadi anachoka haraka siku hizi, na kiwandani kuna mwanamume anaitwa Gary anayempangia mizigo mizito makusudi. Nimemwandika hapa. Asome.

Theluji ilipokwisha tuliita watu kwenye chumba cha chini cha kanisa la Buffalo, kumshukuru Mungu. Walikuja na wa Columbus, maana sauti yangu ya simu haikutosha. Neno la sumu haliondoki kwa simu. Mwaka ule mzima hakuna aliyekuwa anakula kwa Yaya Deo. Binti yake alipata mchumba, wageni wakaja, wakanywa soda za chupa ambazo wamezifungua wenyewe, wakaaga. Mke wake alinisimulia hilo akitazama pembeni.

Yaya Deo aliingia wa mwisho. Alibeba sufuria kubwa lililofungwa kwa taulo, akasimama nalo mlangoni, haingii, hatoki. Harufu ilinifikia nikajua: ndizi ndani ya maharage. Daktari alishaniruhusu, nilimuuliza mara mbili kwa mdomo wangu mwenyewe. Yaya Deo hakuwa na habari hiyo. Ameleta tu, kwa sababu hajui kupika kingine.

Mwisho akaingia. Akaweka sufuria mezani, akafunua, akachukua kijiko aonje.

"Lete hapa," nikamwambia.

"Ngoja kwanza nionje, Mapendo."

"Yaya. Nimesema lete."

Akanipa. Nikachota ndizi na mchuzi wake, nikajaza, nikatia mdomoni mbele ya wote, yeye hajagusa. Nikatafuna bila haraka. Ilikuwa imezidi chumvi. Nikameza, nikajaza kijiko tena, nikamlisha yeye.

Zawadi alikuwa nyuma yangu na sahani. "Musogee," akasema, "miye niko na figo moja na njaa mbili." Akapakua. Nyuma yake wakaanza kupanga mstari watu wa Linden, mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake.